Nani asimame Luthuli? Miaka 120 ya njia za miguu Nairobi

Mwaka wa 2018, mtu aliyenunua televisheni kwenye Barabara ya Luthuli alikuwa na kibarua cha pili baada ya kulipa: kuifikisha stejini ikiwa nzima. Boksi liko begani. Mbele, mkokoteni umekwama kati ya matatu mbili. Kushoto makanga anapiga bodi ya gari makofi akiita abiria, kulia spika za dukani zinatingisha vioo. Njia ya miguu ilikuwapo, lakini juu yake palikuwa na jenereta, meza ya kava za simu na bodaboda imeegeshwa. Ukishuka barabarani unapigiwa honi, ukipanda unapigwa kikumbo. Nimepita hapo mara zisizo na idadi, na kila mara mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika simu.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ikisaidiwa na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, iliifanya Luthuli kuwa ya magari ya upande mmoja tu. Sehemu ya lami ikapunguzwa, njia za miguu zikapanuliwa, vikaja viti, miti na taa. Matatu zikaambiwa zitafute pengine pa kubebea abiria. Wenye maduka ya redio, simu na vikuza sauti, ambao ndio walioupa mtaa huo sifa, walitoka milangoni kutazama mashine zikivunja lami, wengi wao wakiwa wamekunja uso. Gari lisipofika mlangoni, walisema, mnunuzi naye hafiki.

Malalamiko hayo yalikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne, na hayakuzaliwa Kenya. Nitayarudia. Kwanza tuirudie Nairobi yenyewe, kwa sababu wapo waliosema mradi wa Luthuli ni wa kuiga Ulaya, na hao wanaisahau historia ya mji wao.

Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi cha Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Hapakuwa na mji. Kulikuwa na mahema, vibanda vya mabati na stesheni, na kutoka stesheni njia moja ya vumbi iliyoitwa Station Road, baadaye Government Road, leo Moi Avenue. Wahindi wakafungua maduka yao, ukawa Indian Bazaar. Wakati huo mnunuzi alikuja kwa miguu, na bidhaa zilikuja kwa mabega au kwa gari la ng'ombe. Tauni ilipoingia mwaka wa 1902, wakuu wa serikali waliona njia ya mkato: waliuchoma moto mtaa wote wa maduka. Ulijengwa upya, na mtaa wa Bazaar tunaujua hadi leo kwa jina la Biashara Street, anakokwenda mzazi mwenye mtoto anayeanza shule kutafuta sare, au mwenye harusi kutafuta leso.

Barabara ya fahari ilikuwa nyingine. Iliitwa Sixth Avenue, ikaja kuitwa Delamere Avenue, sasa Kenyatta Avenue. Husimuliwa kwamba ilipimwa upana wa kutosha gari linalovutwa na ng'ombe 16 kugeuka bila kurudi nyuma. Kipimo hicho kinaeleza mengi. Walowezi waliupima mji kwa chombo chao cha usafiri, na mji ukabaki na upana huo hata baada ya ng'ombe kuondoka. Magari yaliyokuja baadaye yalikuta nafasi imeandaliwa, yakaingia kama mwenye nyumba.

Mwafrika yeye alitembea, na kutembea kwake kulikuwa na masharti. Sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho. Asipokuwa nacho, au akikutwa mjini bila kazi inayoeleweka, polisi walikuwa na pa kumpeleka. Alitoka Pumwani, Shauri Moyo au Kaloleni alfajiri, akaingia mjini kufanya kazi, jioni akarudi. Katika maduka ya Delamere Avenue alikuwa mbebaji wa vifurushi vya mwingine. Kusimama kutazama bidhaa dirishani kulikuwa kosa la kumletea matata. Ndiyo maana nasema swali la mitaa ya maduka ya Nairobi halijawahi kuwa la lami peke yake. Tangu mwanzo limekuwa: nani ana ruhusa ya kusimama?

Kenyatta Avenue penyewe pana sanamu ya shaba ambayo wengi huipita bila kuitazama. Iliwekwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vile, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Kati ya watu watatu waliochongwa, mmoja anawakilisha wachukuzi, wale wa Carrier Corps walioacha jina lao Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita vizima walivimaliza kwa miguu. Kwa miongo mingi wamesimama pale juu wakitazama msongamano wa magari.

Mwaka wa 1948 ulitoka mpango mkuu wa mji, ulioitwa bila kificho mpango wa mji mkuu wa koloni. Walioutunga walifikiria barabara pana, majengo ya serikali na mitaa ya makazi iliyopangwa kwa vitongoji. Uhuru ulipokuja, mabango yalibadilishwa kwa kasi. Queensway ikawa Mama Ngina Street, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikapewa jina la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Julai 5, 1969, akitoka dukani kwenye Government Road, mtaa wa jirani. Barabara inayotoka kwa Tom Mboya kuteremka River Road ikapewa jina la Chifu Albert Luthuli, rais wa chama cha ANC cha Afrika Kusini na Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Nobeli ya Amani, ile ya mwaka wa 1960.

Hapa niombe ruhusa nitoke njiani kidogo. Luthuli alifariki Julai 1967. Utawala wa makaburu ulisema aligongwa na treni ya mizigo akitembea karibu na nyumbani kwake. Familia yake haikukubali. Miaka 58 baadaye, mwaka wa 2025, mahakama ya Pietermaritzburg ilifuta matokeo ya uchunguzi ule na kusema mzee aliuawa kwa kipigo. Nami nilikuwa nimepita kwenye mtaa wake miaka yote hiyo nikidhani mwenyewe alikufa kifo cha mtu aliyekosa pa kutembea.

Majina yalibadilika, vipimo vikabaki vile vile. Gari likawa alama ya kufaulu, na anayetembea akaonekana kama mtu ambaye bado hajapata lake. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Ulikuwa msaada mkubwa kwa mwananchi wa mtaani, asiyehudumiwa vya kutosha na basi. Lakini matatu inahitaji pa kusimama, na ilisimama palipokuwa na watu, yaani kwenye mitaa ya maduka ya bei nafuu: Tom Mboya, Ronald Ngala, River Road, Luthuli. Upande wa juu wa Moi Avenue ukabaki wa mabenki, hoteli na watalii. Upande wa chini ukabeba abiria wa mji mzima. Mpaka leo mkazi wa Nairobi akisema "chini ya Tom Mboya" humaanisha zaidi ya mteremko wa ardhi.

Jiji halikukosa kabisa njia za miguu. Aga Khan Walk, inayounganisha Harambee Avenue na Haile Selassie Avenue, ni ya waendao kwa miguu. Nenda pale saa saba mchana uone. Karani amekaa ukingoni na gazeti, mhubiri anapaza sauti, vijana wanasubiri kupigiwa simu ya kazi, mpiga picha ananing'iniza kamera shingoni. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuitumia nafasi ile. Jambo lingine la kuchekesha, kama si la kuudhi: UN-Habitat, ambayo kazi yake ni kuishauri dunia nzima kuhusu miji, makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, Gigiri, tangu ilipoanzishwa mwaka wa 1978. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ushauri huo haujafika Luthuli, umbali ambao mtu mwenye miguu mizima angeutembea kwa asubuhi moja.

Katika miaka hiyo serikali zilizofuatana zilishika mambo mawili. La kwanza ni matatu. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka wa 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na zikakumbukwa kwa jina lake. La pili ni wachuuzi. Walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Soko la Muthurwa lilijengwa ili wahamie huko, likaanza kutumika mwaka wa 2008. Wengi walikwenda, wakaona wateja ni haba, wakarudi na mifuko yao mabegani kwenye mitaa ambako miguu inapita. Mchuuzi hahitaji kufundishwa uchumi. Anajua biashara iko palipo na nyayo, na hilo alilijua kabla ya mwenye duka.

Anayetembea mwenyewe hakuwa katika hesabu. Ilipofunguliwa barabara kuu ya Thika mwaka wa 2012, yenye kilomita 50 hivi na njia nane katika sehemu zake kubwa, ilisifiwa Afrika nzima, na kwa miaka kadhaa watu walivuka kwa kukimbia kwa sababu vivuko vya juu vilikuwa vichache. Hadi leo, kila mwaka waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi kati ya wanaofariki barabarani nchini Kenya. Wenzetu hawa ndio wengi pia kwa safari: zaidi ya theluthi moja ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu tangu nyumbani hadi mwisho. Na hata anayepanda matatu, akishuka Tom Mboya, safari iliyobaki ni ya viatu vyake.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itaelekezwa kwa waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ilizinduliwa kwa hotuba na picha. Barabara zikaendelea kama jana.

Mapema 2019 serikali ya kitaifa ilikurupuka na wazo lake: kuanzia Februari 1, magari yasiingie katikati ya jiji siku za Jumatano na Jumamosi. Wakazi walicheka, kisha wakakasirika. Watashukia wapi? Mabasi ya kuwafikisha yako wapi? Siku ilipofika, mpango ulikuwa umesitishwa. Nadhani kufeli kule kuliisaidia Luthuli. Badala ya amri ya jiji zima iliyotolewa kwenye mkutano wa waandishi wa habari, palichaguliwa mtaa mmoja, wenye mwanzo na mwisho, ambao mtu angeweza kuutembea na kusema hapa pamekuwa pazuri au hapa wameharibu.

Sasa nirudi kwa wenye maduka na uso wao uliokunjamana. Novemba 17, 1962, jiji la Copenhagen nchini Denmark lilifunga magari kwenye Strøget, mfululizo wa mitaa ya maduka wenye urefu wa kilomita moja na kidogo, kuanzia uwanja wa ukumbi wa jiji. Lilikuwa jaribio tu. Wafanyabiashara walisema gari likikosekana mteja hatakuwapo. Wengine wakaongeza kwamba Wadenmark si Waitaliano, hawana tabia ya kuzurura nje, na baridi yao haina mchezo. Alfred Wassard, kiongozi wa jiji aliyesimamia mpango huo, alitishiwa maisha. Miaka miwili baadaye mtaa ulifanywa wa miguu moja kwa moja, maana watu walifurika. Mwaka ule wa 1962 nafasi isiyo na magari katikati ya Copenhagen ilikuwa mita mraba 15,800. Kufikia 1996 ilikuwa imekaribia 96,000. Haikupanuliwa kwa mkupuo. Kila baada ya miaka michache waliongeza mtaa mmoja au uwanja mmoja, wakiondoa maegesho pole pole kiasi kwamba madereva hawakupata siku ya kuandamana. Msanifu Jan Gehl na wanafunzi wake walikaa mitaani na madaftari wakihesabu waliopita, waliosimama na waliokaa. Hilo la kuhesabu ndilo ningependa tuliibe, zaidi ya viti na vyungu vya maua. Idara ya barabara inajua ni magari mangapi yamepita mahali kwa saa. Ni nadra kujua ni watu wangapi.

Luthuli haikuwa Copenhagen. Pale hapakuwa na haja ya kuwabembeleza watu watoke nje. Walikuwa nje tayari, maelfu kwa maelfu, wakisukumana. Jijini mwenye watu milioni 4.4 kwa hesabu ya 2019, kilichokosekana ni pa kuweka mguu. Kwa hiyo siku lami ilipopunguzwa tofauti ilionekana kwa masikio kabla ya macho. Honi zilipungua. Mwenye duka la vikuza sauti akalazimika kupunguza sauti yake, maana hakuwa tena akishindana na matatu. Nilikaa kwenye kiti kimoja majuma machache baada ya kazi kuisha. Pembeni yangu mama mmoja alivua kiatu cha kushoto, akakung'uta changarawe, akakivaa tena, akabaki amekaa. Ni jambo dogo. Lakini nilijaribu kukumbuka ni lini niliona mtu akivua kiatu Luthuli kwa hiari yake, nikashindwa.

Mambo hayakubaki hivyo. Nafasi ikipatikana Nairobi, ina wenyewe kumi. Wachuuzi walikuwa wa kwanza kuona kwamba njia imepanuka na wapita njia wametulia. Mitumba, soksi, chaja na matunda yaliyokatwa vikashuka chini kwenye turubai. Bodaboda nao wakaona viti ni mahali pazuri pa kusubiria wateja. Askari wa kaunti, ambao kila mtu huwaita kanjo, walikuja kwa vipindi, wakakimbizana na watu asubuhi, jioni hali ikarudi ile ile. Gavana Mike Sonko, ambaye mradi ulifanyika wakati wake, aliondolewa madarakani Desemba 2020, na wakati huo kazi nyingi za jiji zilikuwa zimekwisha kuhamishwa.

Tangu Machi 2020 zilikuwa mikononi mwa idara ya Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Ugonjwa wa Korona ulikuwa umepunguza watu mjini, na idara ilikuwa na fedha na haraka ya kijeshi. Njia za miguu za Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu na Wabera zilipanuliwa na kutandikwa matofali ya kabro, vigingi vikasimikwa kuzuia magari yasipande, na baiskeli zikapata njia. Ni kazi ya kuonekana, na anayesukuma mtoto kwenye kigari au anayetembelea kiti cha magurudumu anajua tofauti yake. Lakini angalia ramani. Fedha nyingi zilipanda upande wa juu wa Moi Avenue, ule ule uliokuwa wa Delamere. Upande wa chini, wenye miguu mingi zaidi kwa kila mita, ulipata Luthuli na viporo. Mwaka wa 2022 idara hiyo ilivunjwa, na mwaka huo huo barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, kilomita 27 za kuwapitisha wenye magari juu ya vichwa vya wengine, ilifunguliwa.

Mapema 2024 kaunti iliwaamuru wachuuzi waondoke tena kwenye mitaa mikuu, wahamie vichochoro vya nyuma. Nawaelewa wenye maduka wanaolipa kodi na leseni huku bidhaa ile ile ikiuzwa mlangoni kwa nusu bei. Namwelewa pia kijana mwenye soksi. Nisichokielewa ni kwa nini tangu 1902 dawa yetu ya kwanza ni kufagia watu. Njia pana ya miguu inaweza kuchorwa mstari, meza zikapewa upande mmoja kwa kipimo na kwa ada inayojulikana, upande wa pili ukaachwa wazi. Mtaa ukibaki bila kanuni ya namna hiyo, mwenye nguvu ataupanga: leo bodaboda, kesho kanjo, keshokutwa matatu imerudi.

Kwa hukumu yangu, Luthuli ilifaulu katika jambo gumu na ikaangushwa na jambo rahisi. Gumu lilikuwa kuliondolea gari nafasi, na hilo lilifanyika bila biashara kufa. Maduka ya redio yako pale pale, na pango lake si la mchezo. Rahisi lilikuwa kubadilisha kiti kilichovunjika, kuziba kabro iliyong'oka, kumwagilia mti hadi ushike, na kumpa mtu mmoja kazi ya kuangalia mtaa huo kila siku. Mradi huwa na mfadhili. Ufagio hauna.

Mwaka wa fedha wa serikali za kaunti huanza Julai 1, na Katiba inataka wananchi wasikizwe kabla bajeti haijapitishwa. Vikao vya kuwasikiliza hutangazwa magazetini, na mara nyingi viti huwa vitupu. Ewe unayeshuka Tom Mboya kila asubuhi, siku moja katika hizo nenda ukakae kimoja, kisha uulize ile asilimia 20 ya mwaka wa 2015 imeandikwa ukurasa wa ngapi.